Nyanya Zinazolipiwa Wakati wa Theluji

Haya wajukuu, sogeeni, na mwenye simu aiweke chini. Leo nawasimulia habari za watu wanaolipia nyanya mwezi wa Februari na kuzila mwezi wa Agosti. Msicheke. Ni watu wenye akili timamu kabisa, na wengi wao wanaishi kaskazini mashariki mwa Marekani, kwenye majimbo kama Massachusetts, Vermont na Maine, ambako Februari ardhi imeganda hata jembe haliingii.

Mkulima wa huko, theluji ikiwa imefunika shamba lote, hana hata fungu moja la mboga la kupeleka sokoni. Lakini huo ndio wakati anaotakiwa kuagiza mbegu, kutengeneza trekta, kununua mbolea na kulipia gesi ya kupasha joto banda la miche. Miche ya nyanya huko huanzwa ndani, wiki kadhaa kabla baridi haijaondoka, ama sivyo majira ya joto yataisha kabla haijazaa. Kwa hiyo fedha zinatoka kila wiki, na zinazoingia hakuna. Zamani njia ilikuwa moja tu, kwenda benki kukopa, halafu kumwomba Mungu mvua na jua vije kwa zamu. Mazao yakikataa, deni halikatai.

Sasa basi. Mwaka 1985, huko South Egremont, katika vilima vya Berkshire jimboni Massachusetts, alikuwepo mama mmoja mkulima aitwaye Robyn Van En. Shamba lake liliitwa Indian Line. Akamjia mgeni, Jan Vander Tuin, aliyekuwa amekaa Uswisi na kuona mashamba ya namna yake: wateja wanatoa fedha mwanzoni mwa mwaka, kisha kinachovunwa kinagawanywa kwa wote. Wakaketi na majirani wakalizungumza jambo hilo. Hawakurukia makubwa. Walianza na hisa za matufaha ya msimu ule, na mwaka uliofuata, 1986, wakaingia kwenye mboga. Mwaka huohuo wa 1986 shamba jingine, Temple-Wilton la New Hampshire, nalo likaanza kwa mtindo unaofanana. Mama Robyn alifariki mwaka 1997, akiwa ameshazunguka sana kuwafundisha wakulima wengine namna ya kuufanya mpango huo.

Naona mmoja ameinua mkono anataka kuuliza kama basi wao ndio waliobuni. La, hasha. Japani, katika miaka ya 1970, kina mama wenye hofu ya dawa zilizokuwa zikipuliziwa mazao walikuwa tayari wamekubaliana na wakulima wawalimie chakula safi, nao wanunue chote kitakachotoka. Na huko huko Marekani, upande wa kusini, alikuwepo profesa Mmarekani Mweusi, Booker T. Whatley wa Tuskegee, Alabama. Aliwahimiza wakulima wadogo, hasa Weusi waliokuwa wakinyimwa mikopo, waunde vyama vya wateja wanaolipa ada mapema na kuja kuvuna wenyewe. Jina lake husahauliwa mno habari hii inaposimuliwa, nami sitaki mlisahau.

Hesabu ya mpango huu si ngumu. Mkulima anajumlisha gharama zote za mwaka, na ujira wake humo humo (hapo ndipo wakulima wengi hujisahau), kisha anazigawa kwa idadi ya mafungu ambayo shamba linaweza kutoa. Kinachopatikana ndicho anacholipa kila mwanachama. Kwa hiyo hulipii kilo ya karoti. Unalipia shamba lilimwe, na karoti zikija ni zako.

Twende basi shambani. Ni Juni, siku ya kuchukua mafungu. Ndani ya ghala kuna meza ndefu, makreti, mizani, na ubao ulioandikwa kwa chaki: letusi mbili, figili fungu moja, spinachi ratili moja, njegere za maganda ratili moja. Unajipimia mwenyewe na kutia kwenye mfuko wako. Pembeni pamewekwa kreti la kubadilishana. Kama nyumbani kwenu hakuna anayekula figili, ziache humo, uchukue alichoacha mwenzako.

Mwisho wa meza kuna kitu cha kijani, chembamba, kimejikunja kama mkia wa kinyonga. Mtoto anayekiona mara ya kwanza hukivuta kikanyooka, akikiachia kinajikunja tena, na kwa kawaida mama yake anamkataza bila mafanikio. Hicho ni kikonyo cha ua la kitunguu saumu. Saumu ya huko hupandwa Oktoba, ikalala chini ya theluji miezi yote ya baridi, ikaamka majira ya kuchipua, na Juni ikasukuma kikonyo juu ili itoe ua. Mkulima hukikata. Akikiacha, mmea utapeleka nguvu zake kwenye ua, na kitunguu kilichoko chini kitabaki kidogo. Basi kikonyo kinakatwakatwa, kinakaangwa na mayai, na ladha yake ni ya saumu isiyo kali. Hupatikana kwa wiki mbili tatu hivi, kisha hukioni tena hadi Juni nyingine. Dukani ni nadra kukipata, kwa hiyo aliye nje ya mpango anaweza kuzeeka bila kujua kwamba saumu ina mkia.

Nje ya ghala kuna matuta waliyoachiwa wanachama kuchuma wenyewe: stroberi mwezi wa Juni, maharage mabichi Julai, nyanya ndogondogo Agosti. Watoto hupewa kikapu na kuambiwa wakijaze. Kikapu hurudi nusu, midomo imeiva nyekundu, na hakuna anayeulizwa kitu.

Msidhani kila wiki ni sherehe. Julai na Agosti huja zukini, ile jamii ya boga inayoliwa ingali changa na kijani, nayo ikianza kuzaa haina breki. Ukiiacha siku tatu imeshakuwa ndefu kuliko mkono wako. Wanachama hupewa zukini, wiki ijayo zukini, na ijayo tena. Kuna utani wa zamani huko kwamba Agosti ndio mwezi pekee ambao watu wa kijijini hufunga milango ya magari yao, wakichelea jirani asije akawawekea zukini ndani. Wapo wanaojiunga mwaka mmoja wakaacha, na si kwa ubaya. Mtu aliyezoea kuingia dukani na kuchagua anachokitamani huona taabu kupangiwa mapishi na mvua.

Ila ngoja mahindi yafike. Hapa ndipo mimi mwenyewe ningelipa hata kama sitapata kingine. Mahindi matamu yakiwa kwenye bua yana sukari. Ukiyavunja tu, sukari ile inaanza kugeuka wanga, na joto likiwa kali inageuka haraka zaidi. Hindi lililovunjwa asubuhi likachemshwa jioni si sawa na lile lililosafiri siku tatu kwenye lori, hata kama yametoka mbegu moja. Wauza mahindi ya kuchoma wa kando ya barabara, Nairobi hata Morogoro, wanalijua hilo bila darasa, ndiyo maana hindi lililolala hawakosi namna ya kulisukumia kwa mpita njia mwenye haraka.

Sasa sikilizeni sehemu ngumu. Mwaka 2009 mvua ilinyesha kwenye majimbo yale ya kaskazini mashariki mwa Marekani Juni nzima, baridi na unyevu havikuisha. Kukaingia bakajani chelewa, ugonjwa wa nyanya na viazi, ambao mkulima wa nyanya wa Ilula au Kirinyaga hahitaji kuelezwa. Jani linapata baka la kahawia lililolowa, upande wa chini unaota ukungu mweupe, kisha tunda bichi linapata baka gumu la kahawia. Vimelea vyake hubebwa na upepo kutoka shamba hadi shamba. Ni ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Safari hii miche yenye ugonjwa ilikuwa imeuzwa kwenye maduka makubwa ya eneo hilo, watu wakaipanda bustanini mwao bila kujua, na mvua ikafanya iliyobaki. Wakulima waling'oa nyanya mistari kwa mistari, wakazifukia ardhini.

Mnunuzi wa sokoni angefanya nini? Angekwenda meza ya pili. Lakini mwanachama alikuwa ameshalipa, na fedha zile zilikuwa zimeshakuwa mbegu na mishahara. Hazikurudi, na mkulima hakudaiwa. Mwaka ule waliobahatika kidogo walipata kabichi, karoti na majani, maana bakajani chelewa haiyashambulii mazao hayo, na nyanya wakazikosa. Walinuna? Wapo walionuna, kwa nini wasinune. Lakini mkulima hakubaki na deni la nyanya ambazo wanachama walikuwa wamekubali tangu Februari kwamba huenda zisije.

Mkubwa mmoja hapa, kama anatoka Kagera, ataniambia: Babu, sisi jambo la kulipwa kabla ya mavuno tunalijua, na hatulipendi. Anasema kweli. Kuna kitu kinaitwa butura. Mkulima wa kahawa wa Karagwe au Bukoba ana mtoto wa kupeleka shule, au mgonjwa ndani, na kahawa yake ingali maua. Anakuja mnunuzi na fedha mkononi, anampa kidogo, na msimu ukifika anachukua kahawa yote, hata kama bei imepanda mara kadhaa. Butura imepigwa marufuku, lakini mwenye shida hasomi matangazo.

Tazameni basi: huku fedha zinatangulia mazao, na kule fedha zinatangulia mazao. Kwenye butura, mwenye fedha ndiye anayepanga bei, tena anaipangia kwenye shida ya mwenzake, na faida ikizidi ni yake peke yake. Kwenye mafungu, mkulima anataja gharama zake hadharani. Mwaka ukiwa mwema kila mfuko unajaa hadi unakatika mpini, ukiwa mbaya kila mfuko unapungua. Si mpango usio na kasoro. Mwenye kipato kidogo anawezaje kutoa fedha za mboga za mwaka mzima kwa mkupuo, tena wakati wa baridi, bili za kupasha nyumba joto zikiwa juu? Baadhi ya mashamba hupokea kwa awamu, mengine huwaomba wenye uwezo wazidishe kidogo ili wengine wapunguziwe. Mengine hayafanyi hivyo, na wanachama wake ni watu wenye magari mazuri tu. Naona hapo pana kazi bado.

Tumebakiza Oktoba. Maboga, viazi, vitunguu, na sukuma wiki, ambayo huko huuzwa kwa heshima kubwa kuliko tunayoipa sisi. Usiku barafu nyembamba inatanda juu ya majani, na badala ya kufa sukuma wiki inakuwa tamu. Sababu ni kwamba maji yenye sukari hayagandi upesi, kwa hiyo mmea ukihisi baridi hujilimbikizia sukari kwenye majani ili usiumie. Karoti nazo hufanya vivyo hivyo. Anayezila Agosti na anayezila mwisho wa Oktoba wanaweza kubishana kuhusu mboga moja, na wote wakawa wakweli.

Wiki hizo hizo za mwisho mkulima anapanda saumu ya mwakani, yenye mkia wa kuchezea Juni ijayo. Fomu za msimu mpya ziko mezani, kando ya mizani, na mashamba mengi humpunguzia kidogo anayelipa mapema.