Msimamizi wa Mirathi na Mashauri ya Marehemu

Mwanachama anapofariki, madai na madeni yake hayazikwi pamoja naye. Huenda alikuwa akidai shamba la kahawa lililovamiwa, au chama kilikuwa kikimdai fedha za pembejeo. Swali linalowatatiza viongozi wa vyama vya msingi ni hili: nani sasa atasimama mahakamani kwa niaba yake?

Nchini Tanzania jibu limo katika Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, au wasii aliyetajwa katika wosia na kuthibitishwa na mahakama, ndiye mwakilishi wa marehemu kisheria. Ana uwezo ule ule wa kudai aliokuwa nao marehemu, isipokuwa kwa madai yanayokufa na mwenyewe, kama vile dai la kukashifiwa. Akishateuliwa, hakuna mtu mwingine mwenye mamlaka ya kushtaki kwa niaba ya marehemu mpaka uteuzi huo ubatilishwe. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ilieleza kwamba mali ya marehemu ikigombaniwa, wenye madai humshtaki msimamizi, naye msimamizi aweza kushtaki ili kuthibitisha haki ya marehemu.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Kikao cha ukoo humchagua mtoto mkubwa, muhtasari huandikwa, naye huenda moja kwa moja kufungua shauri. Muhtasari huo ni pendekezo tu; uteuzi hufanywa na mahakama. Marehemu aliyeishi kwa kufuata sheria za kimila au za Kiislamu, maombi yake yaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Vilevile, mtu aliyeandikishwa chamani kupokea hisa za mwanachama hapati kwa maandishi hayo mamlaka ya kudai shamba.

Iwapo kifo kimetokea shauri likiendelea, na haki inayodaiwa ingalipo, shauri halifi papo hapo. Lakini maombi ya kumwingiza mwakilishi wa marehemu hayana budi kupelekwa mahakamani ndani ya siku 90. Muda huo ukipita bila maombi, shauri hukoma kwa upande wa marehemu. Familia inayongoja matanga yaishe, kisha mavuno, kisha ndugu walio mbali warudi, yaweza kupoteza shamba ambalo baba alilipigania kwa miaka mingi.

Chama nacho kijihadhari. Kumfungulia shauri mtu aliyekwisha kufa ni kazi bure, na kumshtaki mjane kwa jina lake mwenyewe kwa deni la marehemu ni kumkosea mtu asiyekopa. Anayeshtakiwa ni msimamizi, kwa wadhifa wake, na wadhifa huo utajwe wazi katika hati ya madai. Deni hulipwa kutokana na mali ya marehemu.

Msimamizi naye si mmiliki. Chini ya Sura ya 352, hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1.

Kwa hiyo, kila katibu apatapo habari ya msiba wa mwanachama mwenye shauri, aandike tarehe ya kifo, aijulishe familia juu ya siku 90, na kabla ya kulipa au kudai chochote aombe kuona hati ya uteuzi yenye muhuri wa mahakama.