Je, Wajua? Nishani za Wafalme Chini ya Rwenzori

Je, wajua kuwa nishani ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza ni ya fedha? Utepe wake ni mwekundu mzito, wenye mistari miwili ya buluu katikati na kingo nyeupe. Upande wake wa nyuma una tarehe: 2 Juni 1953. Nishani hizo walivishwa askari na watumishi wa serikali katika himaya nzima.

Je, wajua kuwa Aprili 1954 malkia huyo alizuru Uganda, na hifadhi ya Kazinga, iliyoanzishwa 1952, ikapewa jina lake? Nishani huenea kifuani. Hifadhi hii ina kilomita za mraba 1,978, na sehemu yake iko katika wilaya ya Kasese.

Je, wajua kuwa maziwa Edward na George yana majina ya wana wa wafalme wa Uingereza? Vilele vya Rwenzori, Margherita na Alexandra, navyo vilipewa majina ya malkia wa Italia na wa Uingereza mwaka 1906.

Je, wajua kuwa ukivuka mpaka wa Mpondwe, jirani na Bwera, unaingia Kongo, kwa Wanande, ndugu wa Wakonzo wa Uganda? Upande huo, machifu waliokubaliwa na Wabelgiji walivishwa medali iwe alama ya madaraka yao.

Je, wajua kuwa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, ilijitangazia uhuru kutoka ufalme wa Toro 30 Juni 1962, ikiongozwa na mwalimu Isaya Mukirania? Alifariki 1966, na tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akashika kiti angali mvulana. Mwaka 1982 aliteremka mlimani na kusalimisha silaha. Baadaye akaenda Marekani, na Omusinga (mfalme) huyu akafanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa huko Maryland na Pennsylvania. Binafsi naiheshimu kazi hiyo kuliko nishani yoyote.

Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo 19 Oktoba 2009, Rais Museveni akihudhuria Kasese. Miaka 50 ya Mumbere kitini ilitimia 19 Oktoba 2016. Siku 39 baadaye, 27 Novemba, majeshi yalivamia ikulu yake. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika siku mbili za mapambano, naye akakamatwa. Inauma sana kuziweka tarehe hizo pamoja.

Mashtaka dhidi yake yalifutwa Juni 2023. Alirejea Kasese 4 Oktoba, siku 15 kabla ya kumbukumbu ya kutawazwa kwake.