Uwindaji wa Mwisho wa Kipupwe katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Kipupwe, yaani majira ya baridi kavu yanayoanza mwezi Juni na kufikia ukingoni mwezi Agosti, ndicho kipindi ambacho wanyama wadogo wa porini huonekana kwa urahisi zaidi katika uwanda wa juu wa Ufipa. Mvua za eneo hili hunyesha kwa msimu mmoja, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, na nyasi zilizorefuka wakati huo hukauka, huliwa na mifugo au huteketezwa kwa moto, hata ifikapo Agosti vilima vinavyouzunguka mji wa Sumbawanga na kata zake, Kizwite ikiwa mojawapo, huwa vimebakiwa na mashina mafupi na udongo mtupu. Sungura, ambaye kinga yake ya kwanza ni kulala kimya ndani ya nyasi mpaka hatari ipite, hupoteza maficho hayo, na kanga, ambao wakati wa mvua hutawanyika wawili wawili ili watage, hurudi katika makundi makubwa yanayoonekana kwa mbali.

Baridi yenyewe nayo ina sehemu yake. Hewa ya alfajiri, ikiwa baridi na nzito, huifanya harufu ya mnyama ibaki karibu na ardhi, na mbwa huweza kuifuata mpaka jua linapopasha udongo na harufu kupanda na kutawanyika. Upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kwa nguvu katika miezi hiyo, humwezesha mwindaji kujua mapema ni upande gani wa kumkaribia mnyama bila kunuswa. Kwa maneno mengine, mwisho wa kipupwe humpunguzia mwindaji karibu kila kazi, na wepesi huo ndio unaoufanya uwindaji wa wakati huu uhitaji masharti makali zaidi kuliko ule wa majira ya nyasi ndefu.

Ufipa ya juu si nchi ya wanyama wakubwa. Sehemu kubwa ya uwanda huo, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa katika mwinuko unaozidi mita 1,500, ni mbuga ya majani isiyo na miti mingi, hali iliyoletwa na kilimo cha muda mrefu, moto wa kila mwaka na ukataji wa miti, ukiwemo ule wa kupata mkaa wa malungu, yaani tanuri ndefu za udongo ambazo Wafipa walizitumia kuyeyushia chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tembo, nyati na simba wa eneo hili na wa mkoa jirani wa Katavi huhusishwa zaidi na nchi za chini na hifadhi zake. Juu ya uwanda mawindo ya kawaida ni sungura, kanga, kwale, pimbi wa kwenye miamba, nungunungu na nsya, ambaye ni swala mdogo wa vichakani, huku walao nyama wakiwa zaidi wale wa kimo cha kati na wadogo: fisi, bweha, paka pori, kanu na nguchiro.

Wasomaji waliowahi kufuatilia uwindaji wa nchi za baridi watakumbuka kwamba huko pia jamaa wa bweha, kama mbweha, huwindwa zaidi mwishoni mwa majira ya baridi, lakini sababu zake ni nyingine. Katika Marekani ya kaskazini manyoya ya mnyama huwa mazito na yenye bei nzuri wakati wa baridi, theluji huonyesha nyayo, na njaa humfanya mnyama aitike upesi sauti ya kuigiza ya sungura aliyeumia. Ufipa haina theluji wala soko la manyoya, kwa hiyo kinachobaki ni hoja ya kulinda kuku na mbuzi, ambayo hupaswa kupimwa kwa makini kabla ya kukubaliwa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahitaji leseni kwa uwindaji, wa mwenyeji au wa mtalii, na msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai mosi, wakati ndege wengi na swala wa maeneo haya wamekwisha kulea watoto wa msimu wa mvua. Kilicho muhimu zaidi kwa mwanakijiji ni orodha ya mbinu zilizokatazwa bila kibali maalumu: sumu, chambo, nyavu, mashimo, mitego ya nyaya, taa za usiku, moto na hata mbwa. Orodha hiyo huonekana kali kwa watu ambao babu zao waliwinda kwa mbwa na nyavu, lakini mantiki yake ni ya kibiolojia, kwa kuwa mbinu nyingi kati ya hizo haziwezi kuchagua. Kitanzi cha nyaya kilichotegwa kwa ajili ya nsya hukamata pia jike lenye mimba, paka pori au mbwa wa jirani, na huendelea kukamata hata aliyekitega akiwa amekwisha kukisahau. Moto wa Agosti au Septemba, uliowashwa ili sungura wakimbilie upande mmoja, hauishii walipo wawindaji. Ukipandishwa na upepo huingia katika kingo za msitu wa Mbizi, karibu na Sumbawanga, ambao ni makazi ya mbega wekundu.

Walao nyama wanahitaji maelezo ya pekee. Katika sehemu za kusini mwa Afrika bweha miraba huzaa zaidi kuanzia mwishoni mwa kipupwe, hivyo jike linalouawa wakati huo huweza kuacha watoto shimoni. Zaidi ya hayo, chakula cha wanyama hawa kwa sehemu kubwa ni panya na wadudu, jambo lenye uzito katika nchi ya mahindi ambako panya shamba, ambaye kuzaliana kwake hufuata mvua, huweza kufukua mbegu zilizopandwa kabla hazijaota. Kumuua kila nguchiro na kila kanu kwa sababu ya vifaranga wachache ni kulipa deni dogo kwa kukopa kubwa. Wanaikolojia huzungumzia jambo linalofanana katika ngazi ya juu: mla nyama mkubwa anapoondolewa, wale wa kati huongezeka. Mfano unaotajwa sana ni wa hifadhi za Ghana, ambako kumbukumbu za askari wa wanyamapori za kuanzia mwaka 1968 hadi 2004 zilionyesha kwamba nyani walizidi kuenea kadiri simba na chui walivyotoweka, na matokeo yakawa uharibifu wa mazao. Mkulima wa Ufipa anayelinda shamba la mahindi karibu na miamba hahitaji kuelezwa nyani ni nani.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi, wa jinsi hoja ya kulinda mifugo inavyoweza kugeuka, uko karibu zaidi, kaskazini mwa Ufipa, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Huko wafugaji wa Kisukuma wana desturi ya ngoma ya simba: aliyemuua simba huvaa mapambo, huzunguka kwa jamaa na majirani akicheza, naye hutuzwa mifugo au fedha, kwa sababu inaaminika kuwa amewaondolea hatari wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Biological Conservation na Emily Fitzherbert na wenzake, ambao walihusika na mradi wa Watu, Simba na Mazingira, ulieleza jinsi desturi hiyo ilivyogeuka. Awali aliyetuzwa alikuwa mlipiza kisasi, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuliwa. Baadaye vijana walianza kuwafuata simba hadi ndani ya maeneo ya hifadhi, wakiwa hawajapoteza hata ndama, kwa ajili ya tuzo. Desturi iliyokuwa ikigawana gharama ya ulinzi ikawa inazalisha uwindaji, na jamii yenyewe ilianza kulalamika kwamba inatozwa tuzo kwa hatari ambayo haikuwapo.

Dawa iliyopendekezwa haikuwa kuongeza askari tu. Ilikuwa kutumia vyombo ambavyo jamii hiyo tayari inavitii, yaani viongozi wa jadi, sungusungu, ambalo ni jeshi la ulinzi la wanakijiji, na sheria ndogo za vijiji, ili anayecheza bila ushahidi kwamba simba alishambulia mifugo asituzwe. Kwa upande wa serikali, sheria inamruhusu mtu kumuua mnyama anayehatarisha uhai au mali, kwa sharti la kutoa taarifa, na mzoga hubaki kuwa nyara ya serikali, kwa hiyo kujilinda hakuwezi kugeuka kuwa njia ya kupata nyama au ngozi. Aliyepoteza mifugo kwa wanyama wakali hudai kifuta jasho chini ya kanuni za mwaka 2011, na wafiwa au aliyejeruhiwa hudai kifuta machozi. Majina yote mawili yanakiri kwamba kinachotolewa ni pole wala si thamani kamili ya kilichopotea, na kwa mfugaji mwenye ng'ombe wanne tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataripoti au atatafuta sumu.