Mizani Isiyoujua Ulimi

Vyuo vyetu vinavyofunza uendeshaji wa biashara havichoki kutangaza kwamba vinaandaa viongozi wa makampuni ya kimataifa. Ukiyasoma masharti ya kujiunga navyo, utakuta kwamba suala la lugha huishia katika alama ya Kiingereza ya kidato cha nne na, kwa yule atakaye kwenda ng'ambo, matokeo ya TOEFL au IELTS. Baada ya hapo mwanafunzi huhesabiwa kuwa ameiva kwa lugha. Mimi nashikilia kwamba hajapimwa bado, na shahidi wangu ni mji wa Isiolo.

Isiolo ni mlango wa Kenya ya kaskazini, na lugha zimekutana hapo tangu zamani. Wasomali wa Isaaq waliotumikia jeshi la Uingereza walipewa makao huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakajiunga na Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Dalali wa mifugo hawezi kuishi kwa lugha moja katika mji kama huo. Humpokea mfugaji kwa Kisamburu, akamrairai mnunuzi kwa Kisomali, kisha akamwagiza dereva wa lori kwa Kiswahili. Wala si maneno tu yanayobadilika, kwa sababu kila kundi lina salamu zake, mafumbo yake, na kiasi chake cha subira kabla ya bei kutajwa. Katika biashara ya mifugo ya Wasomali kuna hata desturi ya madalali kupatana kwa vidole vilivyofichwa chini ya nguo, pasipo neno kutamkwa. (Sijui ni mtahini gani angeweza kuisahihisha lugha hiyo.)

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni biashara ya mbuzi, haina uhusiano wowote na mataifa. Atakuwa amepitwa na mambo. Mradi wa LAPSSET, unaoiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini kupitia Isiolo, ulizinduliwa Machi 2012. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale, yapata kilomita 500, imetiwa lami. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Isiolo ulifunguliwa mwaka 2017. Na kituo cha pamoja cha forodha cha Moyale kilifunguliwa rasmi Desemba 2020. Ng'ambo ya mpaka huo kuna taifa la watu zaidi ya milioni 100, na makumi ya mamilioni miongoni mwao husema Kioromo. Kiborana ni lahaja ya lugha hiyo hiyo. Kijana wa Isiolo aliyekinyonya Kiborana pamoja na maziwa ya mama ana mtaji ambao mwenzake wa Nairobi hawezi kuununua kwa karo yoyote.

Mtaji huo hupimwa vipi? Haupimwi kabisa. Tena hata lugha tunazozitahini, tunazitahini kwa njia ya ajabu. Katika KCSE, mtihani ulioanza mwaka 1989, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za mazungumzo, nayo hujibiwa kwa kalamu: mtahiniwa aandika namna ambavyo angezungumza. Kiswahili kina karatasi tatu, ya insha, ya lugha na ya fasihi, na katika zote tatu mtoto hafungui kinywa. Lakini mtahiniwa wa Kifaransa au wa Kijerumani huketishwa mbele ya mtahini na kutakiwa anene. Lugha ya Paris na Berlin twaipima ulimini. Lugha ya taifa, iliyotajwa katika Katiba ya 2010 kuwa pia lugha rasmi, twaipima kwa wino.

Baraza la mitihani lina udhuru wa haki. Mwaka 2023 watahiniwa wa KCSE walikuwa takriban laki tisa, na kumsikiliza kila mmoja wao ni kazi isiyofanyika kwa wiki mbili. Chuo cha biashara chenye darasa la watu arubaini kina udhuru gani? Serikali ya kikoloni yenyewe iliwataka maofisa wake wa utawala wafaulu mtihani wa Kiswahili, ukiwemo wa kusema. Haikufanya hivyo kwa mapenzi. Ilijua kuwa asiyeelewa anachoambiwa hawezi kutawala wala kutoza kodi. Wamarekani nao, katika miaka ya 1950, walibuni kipimo cha mahojiano ya ana kwa ana kwa wanabalozi wao, chenye ngazi kuanzia sufuri hadi tano. Baraza la Ulaya lilitoa viwango vyake sita mwaka 2001, na mwaka 2018 likaongeza vipimo vya upatanishi, yaani uwezo wa mtu kuyachukua maneno ya huyu na kumfikishia yule yakaeleweka. Hiyo ndiyo kazi ya dalali wa Isiolo kila siku ya soko.

Hata hivyo nisieleweke kuwa nawavika vijana wa kaskazini taji lisilo lao. Kuzungumza nyumbani si kuandika mkataba. Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na Kioromo kikachukua hati ya Qubee mwaka 1991, lakini wengi wa vijana wetu hawajafundishwa kuzisoma, licha ya Kiamhari ambacho kina hati yake ya pekee. Mtihani wa kweli ungeufichua upungufu huo pia, na ni heri ufichuke darasani kuliko pale Moyale, lori likiwa limesimamishwa na mwenye mali hajui karatasi yake yadai nini.

Ninachokipendekeza hakihitaji mitambo. Mwanafunzi apewe mkataba mfupi wa Kiingereza na aketishwe mbele ya mfanyabiashara asiyekijua Kiingereza. Aufafanue kwa Kiborana, kwa Kisomali au kwa Kiswahili, asikilize pingamizi, kisha aandike kwa Kiingereza yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Wasahihishaji wawe wawili, mwalimu wa lugha na mtu wa mnadani. Alama zitolewe kwa kilichoeleweka, wala si kwa lafudhi. Mfanyabiashara aliyeelezwa ndiye wa kwanza kuulizwa: umekubali nini?

Tunachelewa, na kuna wanaolipia ucheleweshaji huo. Kampuni huja na barabara, ikamleta msimamizi mwenye shahada kutoka mji mkuu. Afikapo hamwelewi mwenye ng'ombe, naye humwita kijana aliyeketi kibarazani amtafsirie. Kijana hutafsiri kutwa nzima na kulipwa chakula cha mchana. Jina lake haliingii katika orodha ya mishahara, kwa kuwa hana cheti cha kuonyesha anachokijua. Naye mfugaji, ikiwa kijana huyo amekosea neno kuhusu arbuni au siku ya malipo, hana wa kumshtaki.

Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mnamo Februari 2021, pamoja na Kifaransa. Vyuo vingeweza basi kuanza na Kiswahili muhula ujao, maana walimu wake wapo. Kwa Kiborana na Kisomali itawabidi wakuu wa vyuo wapande gari hadi Isiolo, wawatafute wazee wa soko, na wawalipe posho ile ile wanayolipwa wataalamu wengine.