Ardhi Yetu na Sheria Zake (5): Mnara wa Simu na Njia ya Ng'ombe

Kila magazeti yanapotangaza minara mipya ya simu kwa sehemu zisizofikiwa na mtandao, Garsen, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya, huingia watu wenye mikataba mikononi wakimtafuta mwenye shamba; na swali langu la miaka mingi ni lile lile, mwenyewe ni nani?

Ardhi ya kandokando ya Mto Tana haikugawanywa kwa mraba. Mpokomo alilima ukanda mwembamba ulioanzia ukingoni mwa maji na kupenya hadi nyikani, ili kila ukoo upate tope la mafuriko na mahali pakavu pia. Na baina ya kanda hizo ziliachwa malka, njia ambazo Muorma huteremshia ng'ombe wake mtoni nyakati za kiangazi. Aliyesimama juu ya malka wakati wa kaskazi anaujua ule udongo uliopondwa na kwato hata ukawa laini kama unga wa mahindi, nao hauhitaji ramani kumwonyesha mtu njia. Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, na Matadheda, baraza la wazee wa Kiorma, walizijua malka hizo moja moja, na elimu yao, kwa itikadi yangu, ilistahili heshima kuliko hati nyingi zilizoandikwa mbali na mto. Tumeidharau, na Agosti 2012, kule kijijini Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa katika fitina ya malisho na maji.

Sasa mnara, ijapokuwa nguzo zake hukaa mahali padogo, huja na ua wa seng'enge, jenereta na njia ya gari, na ua ukikatiza malka, ugomvi humshukia aliyetia saini. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano wao; na ardhi isiyosajiliwa bado ni amana mikononi mwa serikali ya kaunti, isiyoruhusiwa kuiuza. Basi anayekodisha peke yake akodisha kisicho chake, na kodi aliyokwisha kula yaweza kudaiwa.

Mwenye hati yake binafsi naye akumbuke kwamba upangishaji unaozidi miaka miwili husajiliwa, na asome kama kampuni yaweza kuwapangisha wengine juu ya mnara ule ule pasipo yeye kuongezewa kitu. Aulize pia, kabla ya wino, ni nani atakayeng'oa zege muda ukiisha, na ng'ombe watapita upande gani wa ua.