Viungo vya maksai: fedha iko kwenye madini, si kwenye makopo

BIASHARA ya virutubisho vya viungo vya wanyama wa kazi inaingiza fedha nyingi duniani, lakini mfanyabiashara wa Ngara au Biharamulo anayetaka kuingia humo hana budi kwanza kujua mnyama wa kazi wa kwake ni yupi.

Makopo na ndoo za unga wa glukosamini na kondroitini vilivyojaa katika maduka ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba vimetengenezwa kwa ajili ya farasi wa mbio na wa michezo. Kwa jirani zetu wa Kenya, wateja wa bidhaa hizo ni wenye farasi wa uwanja wa Ngong, jijini Nairobi.

Kagera haina soko hilo. Mbung'o wa mapori ya Biharamulo na Burigi, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza, hawakumpa farasi nafasi. Anayevuta plau na mkokoteni hapa ni maksai, akisaidiwa mahali pengine na punda.

Maksai naye huchechemea. Anapokataa nira wiki ya kwanza ya mvua, shamba la mwenye maksai huchelewa, na mashamba ya majirani waliokwisha kulipia kulimiwa huchelewa pia. Kwa hiyo mteja yupo. Suala ni bidhaa gani auziwe.

Kopo la farasi halimfai

Glukosamini hutengenezwa zaidi kutokana na maganda ya kamba na kaa, na kondroitini hutokana na gegedu za wanyama. Hata kwa farasi, ni sehemu ndogo tu ya glukosamini aliyolishwa inayofika katika damu, na majaribio ya kitaalamu yametoa matokeo yanayopingana.

Kwa ng'ombe hali ni mbaya zaidi. Tumbo lake la kwanza lina vijidudu vinavyosaga malisho, na vijidudu hivyo huivunjavunja glukosamini kabla haijafika utumboni. Mkulima atakayenunua kopo hilo atakuwa amenunua chakula cha vijidudu kwa bei ya dawa, na msimu ujao hatarudi dukani kwako.

Upungufu wenyewe

Tatizo la mifupa na viungo kwa ng'ombe wa malisho ya asili mara nyingi huanzia kwenye fosforasi. Nyasi zikikauka, kuanzia Juni hadi Agosti, madini hayo hupungua sana ndani yake. Dalili yake wafugaji wanaijua: ng'ombe hutafuna mifupa, hutembea kwa ukakamavu na kukonda. Ndipo mvua za Septemba na Oktoba zinapoingia, na maksai huyo huyo anatakiwa kuvuta plau.

Chumvi peke yake haitoshi. Chumvi ya Uvinza, mkoani Kigoma, imefanyiwa biashara katika ukanda huu tangu kabla ya ukoloni, na ng'ombe anaihitaji, lakini haina fosforasi ya kutosha kujenga mfupa. Inayoleta fosforasi ni dikalsiamu fosfeti, ambayo wauzaji huiita DCP, au majivu ya mifupa iliyochomwa hadi ikawa meupe na kutwangwa. Mchanganyiko rahisi ni sehemu moja ya chumvi kwa sehemu moja ya DCP au majivu hayo. Mifupa ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana isiguswe kabisa, kwa kuhofia kimeta.

Upo mtego mmoja wa bei. Mawe ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, ni mbolea, na kwa kazi hiyo yanafaa. Mtu anaweza kushawishika kuyachanganya na chumvi kwa sababu ni rahisi kuliko DCP. Asifanye hivyo. Fosfeti ghafi ya namna hiyo ina floraidi nyingi, na floraidi ikizidi huharibu meno na mifupa, na mnyama huishia kuchechemea kwa ugonjwa uleule uliokusudiwa kuzuiwa.

Hesabu ya duka

Ng'ombe mkubwa hulamba takriban gramu 50 za mchanganyiko kwa siku. Jozi moja ya maksai itatumia kilo 3 kwa mwezi, sawa na kilo 18 kwa miezi 6. Kijiji chenye jozi 50 kinaweza kumaliza kilo 900, yaani mifuko 36 ya kilo 25. Mwaka wa kwanza usinunue kwa hesabu ya jozi zote, maana wengi husubiri waone ng'ombe wa jirani.

Unaponunua, soma lebo. Tafuta fosforasi ya asilimia 6 au zaidi. Mfuko wa kilo 25 wenye asilimia 8 una kilo 2 za fosforasi, na wenye asilimia 4 una kilo 1 tu. Huo wa pili hata ukiuzwa kwa robo tatu ya bei ya wa kwanza, bado ni ghali. Mwenye wateja wa punda aangalie pia kama kuna monensini, kwani dawa hiyo inayowekwa katika baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe huua punda.

Mzigo ufike dukani mwezi Mei au Juni ili maksai walambe kabla ya kulima. Nyakanazi na Lusahunga, njia ya malori yaendayo Rusumo, ni mahali pazuri pa kushushia. Chumvi hunyonya unyevu, hivyo mifuko ipangwe juu ya vichanja, mbali na ukuta. Aidha, biashara ya vyakula vya mifugo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2010 ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Muone ofisa mifugo wa wilaya kabla ya kuagiza.

Yasiyotibika kwa madini

Muuzaji mwaminifu atamwambia mteja pia mahali bidhaa yake inapokomea. Ng'ombe aliyechechemea ghafla na kuvimba paja huenda ana chambavu. Mwenye vidonda vya mdomo na kwato huenda ana ugonjwa wa miguu na midomo. Goti lililojaa maji linaweza kuwa brusela, ambayo humpata hata binadamu. Hao ni wa daktari wa mifugo. Kwato zilizorefuka nazo zinahitaji kukatwa, kazi ambayo kijana mwenye vifaa na mafunzo anaweza kuifanya kwa malipo palepale penye duka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri ni kuanza na mifuko michache ya madini yenye lebo inayosomeka, na kuacha makopo kwa wenye farasi.