Mafua sugu ya sungura: kwa nini uchunguzi hutangulia dawa

Sungura ni mnyama anayeficha maumivu yake. Katika nyumba za Arua na Koboko ambako watoto hufuga sungura, dalili ya kwanza ya ugonjwa wa njia ya hewa huwa chafya chache na unyevu puani, na ni rahisi kudhani kuwa ni mafua ya kupita. Hata hivyo, mafua yanayodumu kwa wiki kadhaa, au yanayopoa kisha kurudi, huashiria maambukizi sugu. Hatari huongezeka pale mwenye sungura anapotumia dawa za binadamu zilizobaki nyumbani, kwa kuwa baadhi yake humuua sungura upesi kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa unavyoingia

Kisababishi kinachojulikana zaidi ni bakteria aitwaye pasturela. Sungura wengi humbeba puani bila kuugua. Kinga ya mwili inapodhoofika kwa sababu ya joto kali, msongamano, lishe duni, hofu au hewa chafu, bakteria huyo huongezeka na kushambulia pua. Kutoka hapo anaweza kufika kwenye macho, sikio la ndani, mapafu, au kutunga majipu chini ya ngozi. Wako bakteria wengine pia, miongoni mwao bodetela, wanaoweza kuleta dalili zinazofanana na hizo.

Si kila chafya hutokana na bakteria. Vumbi la nyasi kavu, unyasi ulionasa puani na harufu ya mkojo huwasha njia ya hewa. Meno nayo huhusika: meno ya sungura hukua maisha yake yote, na mizizi ya meno ya juu iko karibu na pua na mfereji wa machozi. Mizizi ikirefuka au kuoza, sungura hutokwa na usaha puani au machozi yasiyokoma, na hakuna dawa ya mafua itakayomponya mpaka meno yenyewe yashughulikiwe.

Dalili za kutazama

Sungura hujifuta pua kwa miguu ya mbele. Kwa hiyo manyoya yaliyogandamana upande wa ndani wa miguu hiyo huonyesha ugonjwa hata pale pua inapoonekana safi. Dalili nyingine ni ute mzito mweupe au wa manjano, kukoroma wakati wa kupumua, macho yenye majimaji, kupungua uzito, na kichwa kuinama upande mmoja iwapo sikio limeathirika.

Sungura mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 30 na 60 kwa dakika, na joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi. Kwa kawaida hupumua kwa pua pekee. Anayepumua kwa mdomo yuko katika hatari kubwa na anahitaji daktari wa mifugo mara moja. Hali kadhalika kwa sungura aliyeacha kula: tumbo lake halipaswi kukaa bila kazi, na nusu siku bila chakula wala kinyesi ni jambo la dharura.

Uchunguzi

Daktari wa mifugo huanza kwa kumpima uzito, kukagua pua zote mbili, macho, masikio na meno, kisha kusikiliza mapafu. Ikiwezekana, huchukua ute kutoka ndani kabisa ya pua ili maabara ioteshe bakteria na kupima ni dawa ipi inayowaua. Picha ya eksirei ya kichwa na kifua huonyesha mizizi ya meno, majipu na hali ya mapafu. Kwa kuwa sungura wazima nao hubeba pasturela, majibu ya maabara husomwa pamoja na dalili, si peke yake.

Kwa wakazi wa West Nile, umbali ni kikwazo. Chuo Kikuu cha Makerere, chenye kitivo cha tiba ya mifugo, kiko Kampala, takriban kilomita 500 kutoka Arua, na Koboko iko mbele zaidi kwa kilomita 55 hivi. Mahali pa kuanzia basi ni ofisi ya mifugo ya wilaya. Kumbukumbu za mwenye sungura humsaidia sana daktari: dalili zilianza lini, anakula nini, uzito wake kila wiki, na dawa alizokwisha kupewa.

Dawa inayotibu na dawa inayoua

Sungura husaga majani kwa msaada wa bakteria wema walioko tumboni. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni, pamoja na linkomaisini na klindamaisini, huwaangamiza bakteria hao. Bakteria wabaya huchukua nafasi yao na kutoa sumu, kisha sungura huharisha na anaweza kufa katika siku chache. Penisilini hutumika kwa sungura kwa njia ya sindano tu, tena chini ya uangalizi wa daktari.

Dawa ambazo madaktari huzitumia mara nyingi ni enrofloksasini, au mchanganyiko wa trimethoprimu na sulfa. Kipimo hufuata uzito wa mnyama, na tiba ya maambukizi sugu huweza kuchukua wiki nyingi. Kuikatiza pindi chafya zinapopungua huwapa bakteria nafasi ya kurudi wakiwa sugu kwa dawa. Pamoja na dawa, pua husafishwa kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, na mgonjwa hupewa nyasi na majani mabichi ili aendelee kula.

Banda ni nusu ya tiba

Mkojo wa sungura hutoa hewa ya amonia inayochoma utando wa pua. Kipimo chepesi ni kuinama hadi usawa wa kizimba: harufu ikimwasha mtu machoni, sungura amekwisha kudhurika. Sakafu ya wavu inayopitisha kinyesi, usafi wa kila siku na madirisha yanayopitisha hewa bila upepo wa moja kwa moja hupunguza tatizo. Paa la nyasi, au kivuli juu ya bati, huzuia joto, hasa katika kiangazi cha Desemba hadi Februari ambapo vumbi nalo huwa jingi.

Sungura mgeni hutengwa kwa muda wa wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa na wengine. Mgonjwa naye hutengwa, na huhudumiwa mwisho, baada ya wazima. Mikono huoshwa kwa sabuni kila mara.

Sungura wengi wenye mafua sugu hawaponi kabisa. Tiba huwapunguzia dalili na kuwawezesha kuishi vyema kwa miaka. Lakini sungura wa aina hiyo, hata akionekana mwenye nafuu, hubaki na vijidudu. Kumuuza sokoni au kumpa jirani zawadi ni kuhamishia ugonjwa kwenye banda jingine.